UZI: Niliwaacha mahujaji wenzangu Bethlehemu nikaenda al-Bireh kuwaona akina mama wanaotarizi

Fundi wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa hija mtu aliuliza kama upande wa Wapalestina kuna cha kuona zaidi ya makanisa, nikaahidi kuandika. Nitaandika kwa mafungu, mnivumilie, nina nguo za harusi za watu mezani.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Mimi ni fundi cherehani, nina karakana yangu Tanga mjini. Sio mwanasiasa, sio mwanaharakati. Nilikwenda hija na kanisa mwaka 2019, safari ile ile mnayoijua: Nazareti, Galilaya, Yordani, kisha Bethlehemu na Yerusalemu. Bethlehemu wenzangu walinunua rozari na Mabikira Maria wa mti wa mzeituni. Mimi jicho likanasa kwenye thobe lililotundikwa dukani, gauni jeusi refu, kifuani limejaa uzi mwekundu. Nikaligeuza ndani nje. Mafundi wenzangu mnajua kwa nini. Kazi ya mkono unaihukumu kwa nyuma, mbele kila mtu anaweza kupendeza. Nyuma ya lile gauni palikuwa safi, hakuna fundo linaloning'inia, hakuna uzi ulioruka kutoka ua moja kwenda jingine. Nikamuuliza mwenye duka nani kashona. Akasema wanawake majumbani, na kama nataka kujua ilivyoanza kupangwa kuwa kazi ya kulipwa, niende al-Bireh kwa Umm Khalil.

Umm Khalil alishafariki, lakini jumuiya aliyoiacha ipo. Inaitwa Inash al-Usra.

Nyuki wa Tabora

Naweka kambi. Endelea mkuu, usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu kimya miaka miwili.

Dada Rehema

Al-Bireh ndiyo wapi? Na mlinzi wa msafara alikuruhusu kweli?

Fundi wa Ngamiani

Dada Rehema, al-Bireh imeshikana na Ramallah, ni kama Ilala na Kariakoo, hujui umevuka saa ngapi. Kwa mahujaji: mapokeo yanasema hapo ndipo Yusufu na Mariamu walipogundua mtoto Yesu hayumo kwenye msafara, wakarudi Yerusalemu wakamkuta hekaluni. Kwa hiyo nilimwambia kiongozi wetu naenda mahali patakatifu, na sikusema uongo.

Ukiwa Yerusalemu kuna basi namba 218 linaondoka karibu na Lango la Dameski, linapita Qalandiya, kizuizi cha jeshi la Israel. Mimi nilitoka Bethlehemu, nikapanda servisi, zile hiace zao za watu kuchangia nauli. Kwenye ramani Bethlehemu na Ramallah ni pua na mdomo, Yerusalemu ikiwa katikati. Lakini mwenye kitambulisho cha Ukingo wa Magharibi hapiti Yerusalemu bila kibali, hivyo gari linazunguka kwa Wadi al-Nar. Barabara inateremka korongoni kwa kona za kukunja tumbo, halafu inapanda upya. Juu huko kuna kizuizi wanakiita Container. Siku ile askari alitazama ndani, akatupungia tupite. Mama niliyekaa naye akashusha pumzi, akanipa karanga. Hatukuwa na lugha ya pamoja.

Sasa habari ya Umm Khalil, maana bila yeye hamtaielewa ile nyumba.

Jina lake Samiha Khalil. Alizaliwa 1923 Anabta, karibu na Tulkarm. Aliolewa akiwa msichana, shule ikakatika. Mwaka 1948 vita vikawakuta Majdal, mji ambao leo ni sehemu ya Ashkelon, wakakimbilia Gaza kama maelfu ya wengine. Miaka ya hamsini wakarudi Ukingo wa Magharibi. Sasa sikieni hili: 1964, akiwa na watoto wakubwa, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari mwaka mmoja na mwanawe. Mwaka uliofuata, 1965, akaanzisha Inash al-Usra. Vita vya 1967 vikaja, al-Bireh ikaingia chini ya jeshi la Israel, na nyumba zikabaki na wajane, wake za wafungwa na wakimbizi waliokimbia mara ya pili.

Angeweza kugawa unga. Wengi waligawa unga. Yeye alikuwa mkaidi kwenye jambo moja: mwanamke mwenye mikono mizima apewe kazi na alipwe. Ndiyo vikaja vyumba vya kushona, jiko la kuoka na kusindika, mafunzo ya ufundi kwa wasichana, chekechea ili mama apate pa kumwacha mtoto, na malezi ya watoto wa wafungwa na wa waliouawa. Wanawake wa vijijini wakawa wanachukua kitambaa na nyuzi, wanatarizi nyumbani, wanarudisha, wanalipwa. Walifika maelfu.

Mtu wa namna hiyo hapendwi na kila mtu. Alikamatwa mara kadhaa, akazuiwa kutoka mjini kwake. 1988, intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, ikiwa imewaka, jeshi likaifunga jumuiya yenyewe. 1996 Wapalestina walipopiga kura ya kwanza ya rais, wagombea walikuwa wawili tu: Yasser Arafat na huyu mama. Alipata kama kura moja katika kila kumi. Alifariki 1999.

Kibuyu cha Asali

Subiri. Kuna mwanamke aligombea na Arafat?? Miaka yote hii nasikia Palestina sijawahi kuambiwa hili.

Mwana wa Mshale

Mkuu stori nzuri lakini niulize. Huku kwetu yatima wamejaa, wajane wanadhulumiwa mashamba na mashemeji, wewe unapanda ndege kwenda kusikitikia wa Waarabu. Sadaka huanzia nyumbani.

Nyuki wa Tabora

@Mwana wa Mshale na wewe umetoa nini kwa hao yatima wa nyumbani? Tuanzie hapo.

Fundi wa Ngamiani

Mwana wa Mshale, sikwenda kusikitika na sikutoa sadaka hata senti. Nilinunua. Nikapewa risiti. Hiyo ndiyo sababu ya uzi huu, soma kwanza.

Fungu la pili. Nilipokelewa na mama wa makamo anayejua Kiingereza. Nilipomwambia mimi fundi, natoka Tanzania, aliacha ile hotuba ya wageni akanipeleka moja kwa moja kwenye meza ya kazi. Mama mmoja kutoka kijijini alikuwa ameleta vipande vyake. Mkaguzi anachukua kimoja, anakigeuza nyuma kwanza! Nilicheka peke yangu. Anapitisha kidole, anahesabu mishono kwenye kona, anaandika daftarini. Kimoja kilirudishwa, mstari wa pembeni ulipishana. Mwenye kazi alibisha kidogo, wakavutana, mwisho akakitia mfukoni akakirekebishe. Hakuna aliyemwonea huruma, na wala yeye hakuitaka. Mimi na vijana wangu karakana tunagombana vilevile kila Ijumaa.

Kuhusu ufundi wenyewe. Mshono mkuu ni ule wa kukatiza, nyuzi mbili zinapishana kama alama ya kuzidisha, mamia kwa mamia, kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa. Hauchorwi kwanza. Wanaurithi kwa macho: mvinje, mwezi, nyota, masuke, hirizi. Zamani ungemwona mwanamke sokoni ukajua katoka wapi kwa kifua cha gauni lake. Ramallah walipenda kitani cheupe na uzi mwekundu. Bethlehemu wao wana mtindo wa kulaza kamba ya hariri au ya dhahabu juu ya kitambaa na kuifunga kwa uzi mwembamba, kazi ya matajiri ile. Na msidhani kila kitu ni cha tangu enzi za Ibrahimu. Nyuzi za pamba za kampuni ya Kifaransa ya DMC ziliingia na vitabu vyake vya michoro, ndiyo maana miaka ya thelathini magauni yakaanza kuota mawaridi na ndege wa Ulaya. Wanawake waliyapenda, wakayafanya yao.

Wana makumbusho ndani, na huko nilisimama muda mrefu mbele ya magauni ya intifada. Wakati ule kupeperusha bendera ya Palestina kulikuwa kosa. Wanawake wakaitarizi kifuani, nyekundu, kijani, nyeusi na nyeupe, pamoja na ramani na maneno. Utamkamata vipi mama kwa gauni lake?

UNESCO waliuandikisha utarizi huu mwaka 2021 kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Sawa, vizuri. Lakini yule mkaguzi mwenye daftari ndiye anayeushikilia.

Dada Rehema

Na watoto? Moyo wangu uko kwenye chekechea.

Fundi wa Ngamiani

Niliwaona kwa dakika chache. Wanaimba, wanagombania rangi, mmoja kanikimbilia akanishika mkono akaukagua kama amepata kitu dukani. Sikupiga picha. Niliambiwa kwa upole kwamba wageni wengi huja na simu mkononi na pipi mfukoni, na baada ya hapo watoto wanakaa siku nzima wakingoja mgeni mwingine. Mwalimu ndiye anayebaki na hiyo kazi ya kuwatuliza. Tusijifanye hatuyajui haya, vituo vyetu vya watoto Arusha na Bagamoyo vimejaa wageni wa pipi.

Mlima Usambara

Samahani, mimi naharibu hali ya hewa. Mnasahau 7 Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia Israel? Vijana wetu wawili, Watanzania, waliokwenda Israel kujifunza kilimo, waliuawa. Mwili wa mmoja ulikaa Gaza mpaka Novemba 2025. Wazazi wao nani anawaandikia uzi?

Fundi wa Ngamiani

Hujaharibu chochote. Wale vijana ni wetu na kilichowapata ni unyama, sina neno la kukipunguza. Fungua uzi wao, nitakuwa wa kwanza kuchangia. Ila mama wa al-Bireh mwenye vipande vyake hakumuua mtu, na watoto wa chekechea hawakumuua mtu. Mimi naandika juu ya hao.

Nyota ya Ngong

Niaje watu wa Tanzania, naomba niingilie kutoka Kenya. Nilifanya kazi za nyumbani Beirut miaka kadhaa. Jumapili, kama tajiri wako ni mtu wa maana na anakuachilia, sisi wasichana wa Kenya, wa Ethiopia na wengine tulikuwa tunaenda soko la Sabra kwa sababu vitu ni bei rahisi. Pale ndipo nikajua Shatila, kambi ya Wapalestina, maana zimeungana. Waya za stima zinaning'inia juu ya kichochoro mpaka jua halionekani vizuri, na mabomba ya maji yanapita hapo hapo.

Huko kuna shirika linaitwa Beit Atfal Assumoud. Lilianza 1976 baada ya Tel al-Zaatar, kambi nyingine ya Wapalestina huko huko Beirut, kuangushwa, watu wakauawa, watoto wakabaki bila mtu. Mwanzo walikuwa wanawalea kwa nyumba moja, halafu baadaye wakabadilisha, mtoto akae kwa mama yake ama kwa shosho, na msaada umfuate huko. Mimi nililipenda hilo sana. Wana chekechea, kliniki ya meno, masomo ya ziada, na hao pia akina mama wanashona.

Msichana mmoja wa pale tulikuwa tunazungumza kwa hicho Kiarabu changu cha jikoni. Alizaliwa Lebanon, babake amezaliwa Lebanon, lakini sheria haimruhusu kuwa daktari wala wakili wala injinia huko. Kazi nyingi sana wamefungiwa. Alinishangaza siku moja, akaniuliza mimi passport yangu ina rangi gani. Nikamwambia tajiri ameificha. Tukacheka mbaya sana, wote wawili.

Kibuyu cha Asali

Nyota ya Ngong, hii ni uzi ndani ya uzi. Asante dada.

Bi Mwanakombo

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, nimeshona kofia tangu sijavunja ungo, kofia za mkono, za vitundu. Sasa naisoma hadithi ya mwanangu Fundi nami nina suala. Sie huku mwanamke hukaa na kofia moja miezi, macho yanamuuma, kisha huja mtu akainunua kwa bei anayoitaka yeye, akaipeleka Maskati ikavaliwa na watu wakubwa. Faida si ya aliyeshona. Kisha zikaja za mashine kutoka China, bei ikazidi kuanguka. Hao wa huko wenzetu wanalipwa ngapi? Au ndiyo mchuuzi yule yule, kavaa joho la jumuiya?

Mtu wa Maskati

Bibi yangu umenena. Mimi nipo Oman, kofia ya mkono ya Zanzibar hapa bei yake inatisha, na nyingi wanazivaa bila kujua nani kazishona.

Fundi wa Ngamiani

Shikamoo Bi Mwanakombo. Hili ndilo suali nililouliza pale mezani, kwa sababu ndilo ninaloulizwa na wadada wangu wa karakana.

Jibu lilikuwa hivi. Malipo ni kwa kipande, na hakuna mwanamke anayejenga ghorofa kwa kutarizi. Saa zinazoingia kwenye gauni moja, ukizilipa kwa ujira wa kiwandani, gauni hilo hakuna atakayelinunua. Walilikiri wenyewe bila kuzunguka. Tofauti wanayoisema ni mbili. Kazi inamfuata nyumbani, hivyo mwenye watoto wadogo au mwenye mume gerezani anaifanya bila kuvuka kizuizi kila asubuhi. Na ziada haiendi kwa mchuuzi, inaingia kwenye chekechea na malezi ya watoto. China wamewapiga na wao. Kule Hebron kuna kiwanda cha Hirbawi, cha kufuma kufia (kile kitambaa cha kichwani cha Wapalestina), tangu 1961, kimebaki karibu peke yake kikishindana na mzigo wa nje.

Kisha ikaja Oktoba 2023. Wanaume zaidi ya laki moja wa Ukingo wa Magharibi waliokuwa wakifanya kazi ndani ya Israel walifutiwa vibali. Mahujaji wakakatika, Bethlehemu Krismasi mbili zikapita bila sherehe za mitaani. Ile pesa ya uzi iliyokuwa nyongeza ikawa ndiyo pesa yenyewe, na wakati huo huo mnunuzi hayupo. Huyo ni mtu wa al-Bireh na Bethlehemu. Gaza msiniulize. Kule UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, walikuwa na kituo cha utarizi kiitwacho Sulafa tangu 1950, kimewalisha wanawake wakimbizi vizazi vitatu. Na Aprili 2025 ofisi ya takwimu ya Palestina ilisema watoto zaidi ya 39,000 wa Gaza wamepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Jumuiya gani itashona magauni ya kuwalea hao?

Mhasibu Dodoma

Kwa wanaotaka kutuma fedha, neno la kitaalamu. Msitume kwa namba ya simu mliyoiona mtandaoni yenye picha ya mtoto anayelia. Pili, jueni kwamba mashirika ya huko yana tatizo la benki. Oktoba 2021 Israel iliyatangaza mashirika sita ya kiraia ya Wapalestina kuwa ya kigaidi, likiwemo umoja wa kamati za wanawake na lile la kutetea watoto. Nchi tisa za Ulaya zilisema Julai 2022 kwamba hazikuona ushahidi wa maana, zikaendelea kushirikiana nayo. Agosti jeshi likavamia ofisi zao na kuzipiga muhuri. Kwa hiyo hata shirika lisilohusika linaweza kuulizwa maswali na benki kwa sababu tu ya anwani yake. Ukitaka njia fupi, ubalozi wa Palestina upo Dar es Salaam, nendeni mkaulize utaratibu.

Mwana wa Mshale

Nimesoma mpaka hapa. Sijabadili msimamo wangu wote, ila hiyo ya kununua badala ya kutoa nimeielewa. Wajane wetu pia wangefanyiwa hivyo.

Bi Mwanakombo

Marahaba mwanangu Fundi. Nimekusikia, lakini hujanimaliza. Hiyo ziada inayokwenda chekechea imetoka kwenye macho ya yule mama wa kijijini. Nani alimuuliza kama anakubali kukatwa? Pengine mtoto wake kashakua, chekechea haimhusu, yeye anataka pesa yake mkononi anunue dawa. Mie ningeitaka mkononi.

Fundi wa Ngamiani

Bi Mwanakombo, yule mama sikumuuliza, na mkaguzi alikuwa kakaa katikati yetu. Wa kwangu karakana wanasema kama wewe, wanataka mkononi kila Ijumaa, na huwa nawapa. Ndiyo maana mimi sina chekechea.

Dada Rehema

Fundi, tupia picha ya hicho ulichonunua, mbele na NYUMA.